Very, too, quite, rather, much au enough: “sana” yako iende wapi kwa Kiingereza?

Kiswahili kinatupa neno moja linaloingia karibu kila mahali: vizuri sana, upesi sana, mapema sana, nadra sana, ninapenda sana. Neno halibadiliki, nafasi yake ni ileile, na msikilizaji ndiye anayepima kwa muktadha kama ni sifa au lawama. Kiingereza kimeligawa jukumu hilo kwa maneno mengi, na kila moja lina masharti yake: linakubali kukaa na kielezi gani, linatangulia au linafuata, linafichua nini kuhusu maoni ya anayesema. Hapa tunayaweka ubavu kwa ubavu yale yanayotumika zaidi kukoleza au kupunguza kielezi kingine, ili unapoandika ujue uchukue lipi.

Kwanza, hakikisha ni kielezi kinachokolezwa

Chukua “She sings very well.” Ondoa “very” na utabaki na “She sings well”, sentensi kamili. Rudisha “very” kisha uondoe “well”: “She sings very”. Imevunjika. Kwa hiyo “very” halikuwa limeegemea kitenzi “sings”; lilikuwa limeegemea “well”. Jaribio hili la kuondoa neno mojamoja linafanya kazi kwa karibu kila sentensi ya aina hii, na linaeleza kosa linalojirudia mno kwa wasemaji wa Kiswahili: “I very like it.” Kwetu “sana” hukoleza kitenzi bila tatizo, lakini “very” haliwezi. Lazima lipate kielezi cha kuegemea, na hapo kielezi hicho ni “much”: “I like it very much.”

Hata ukishalipata “much”, nafasi bado inakwaza. Ninapenda sana vitabu hivi ni Kiswahili safi, ila “I like very much these books” ni kosa. Kiingereza hakipendi kutenganisha kitenzi na kile kinachotendwa, hivyo “very much” linasubiri mwisho: “I like these books very much.”

Jibu moja, sura sita

Tofauti za maneno haya huonekana wazi zaidi yakipita katika sentensi ileile. Tuseme mtu aliulizwa swali akajibu haraka.

“She answered very quickly.” Taarifa tupu: kasi ilikuwa kubwa. Humjui msemaji amefurahi au amekasirika.

“She answered too quickly.” Alikurupuka. Angesubiri, angejibu vizuri zaidi. Hii ni lawama, hata kama sauti ni ya upole.

“She answered so quickly that we didn't finish the question.” Kasi imezaa tokeo, na tokeo limetajwa.

“She answered quite quickly.” Haraka kiasi, kwa sikio la Mwingereza. Mmarekani anaweza kusikia karibu na “haraka sana”.

“She answered rather quickly.” Haraka kuliko ilivyotarajiwa, na huenda msemaji ana shaka kidogo na jibu lenyewe.

“She answered quickly enough.” Kasi ilitosha kwa lililotakiwa. Hakuna anayedai ilikuwa kubwa.

Sentensi zote sita zinaweza kuzaliwa na “alijibu haraka”, pamoja na “sana” au “kiasi” ya hapa na pale. Ndiyo maana kutafsiri neno kwa neno kunashindwa: swali la kujiuliza si “sana kwa Kiingereza ni nini?” Jiulize, “Ninasimulia, ninalaumu, ninapima, au ninataka kutaja tokeo?”

Very na too: hapa ndipo makosa yanapouma

Kama kuna jozi moja ya kuitenga na kuifanyia kazi kwa wiki nzima, ni hii. “Very” linasema kiwango ni kikubwa. “Too” linasema kiwango kimepita mstari na kuna kitu kimeharibika au kitashindikana kwa sababu hiyo. Kiswahili kinazo “mno” na “kupita kiasi” kwa maana hiyo ya pili, lakini katika mazungumzo “mno” nayo hutumika kama sifa tu: amependeza mno. Tabia hiyo ikihamishwa, mtu anamsifu mwenyeji wake kwa kumwambia “You cook too well”, na msikilizaji anabaki akingoja aambiwe tatizo ni nini.

Dalili ya kukusaidia: baada ya “too” mara nyingi unaweza kuongeza kitendo kilichoshindikana, kwa “to” na kitenzi. “He spoke too softly to be heard”, yaani alisema kwa sauti ya chini mno hata asisikike. “They arrived too late to vote.” Ukijaribu kuongeza kipande hicho na kisipatikane, yaani hakuna kilichoshindikana, basi ulihitaji “very”.

Angalia pia mahali “too” linapokaa. “She sings too well” na “She sings well too” zina maneno yaleyale manne. Katika ya kwanza “too” limetangulia “well” na kulikoleza. Katika ya pili limekwenda mwisho na kuwa “pia”: naye pia anaimba vizuri. Mwanafunzi anayeweka vielezi popote panapopatikana nafasi hubadili maana bila kujua.

Ukanushi unalainisha “too” kwa namna inayoshangaza. “Not too badly” ni jibu la mtu anayeendelea vizuri tu, na “not too well” ni njia ya adabu ya kusema hali si nzuri. Halafu kuna “only too well”, kama katika “I know it only too well”: nalijua vizuri, na kulijua kwenyewe kunauma. Hiyo ijifunze nzimanzima kama msemo.

Really na so

“Really” lina nguvu karibu sawa na “very” na ndilo linalosikika zaidi katika mazungumzo. Yote mawili yalianzia kwenye ukweli. “Very” liliingia katika Kiingereza kutoka Kifaransa cha kale likiwa na maana ya “kweli”, kabla halijachakaa likawa neno la kukoleza tu. Kiswahili kimepita njia hiyohiyo: mtu akisema “amefanya vizuri kwelikweli”, hathibitishi ukweli, anakoleza.

Ila “really” bado halijasahau asili yake, na hapo nafasi inaamua. “She sings really well” ni anaimba vizuri sana. “Really” limeshikana na “well”. “She really sings well” ni kweli anaimba vizuri, usibishe. Hapo linathibitisha sentensi nzima. Ukitaka kukoleza kielezi, libandike mbele yake moja kwa moja. Katika maandishi rasmi tumia “very” au “extremely”. Na “real” bila “-ly”, kama katika “real quick”, ni mazungumzo ya kawaida Marekani. Kwenye mtihani au barua ya kazi litahesabiwa kosa.

“So” linaahidi mwendelezo. Msomaji akiona “so slowly” anangoja “that” na tokeo lake. Katika mazungumzo watu huliacha likining'inia, “He drives so slowly!”, na linaeleweka kama mshangao. Katika insha, ama malizia kwa “that” ama rudi kwenye “very”. Usilichanganye na “such”, ambalo hutaka nomino: “such a slow driver” ni sawa, “such slowly” haipo kabisa.

Kundi la katikati: quite, fairly, pretty, rather

Haya manne yote yanaweza kutafsiriwa “kiasi”, na kamusi nyingi huishia hapo. Tofauti zake ni za kweli, na zinaweza kukugharimu.

“Fairly” ndilo la hadhari. Linasema wastani kwenda juu, bila kuvuka sana. Hukaa vizuri na vielezi vyenye sifa njema au visivyo na upande: “fairly well”, “fairly often”. “Pretty” lina nguvu kidogo zaidi na ni la mdomo. Katika ripoti au barua rasmi linaonekana kama mtu aliyekuja mkutanoni na kandambili. Kumbuka kwamba hapa “pretty” tayari ni kielezi. Anayejaribu kulitengeneza zaidi aandike “prettily well” amekosea, kwa sababu “prettily” ni “kwa namna ya kupendeza”.

“Rather” lina nguvu zaidi ya “fairly” na mara nyingi hubeba kutoridhika au kushangaa. Linganisha “He drives fairly fast” na “He drives rather fast.” Katika ya kwanza abiria ametulia. Katika ya pili ameshika kiti. Likiwekwa kwenye sifa njema, kama “rather well”, linaleta mshangao wa furaha: vizuri, na hatukutegemea.

“Quite” ndilo hatari kuliko yote. Uingereza, mbele ya kielezi chenye ngazi, yaani kinachoweza kuzidi au kupungua kama “well”, “often” au “slowly”, huwa na maana ya “kiasi”, na mkazo wa sauti unaongeza utata: ukikazia “quite” lenyewe unapunguza sifa, ukikazia neno linalofuata unaipandisha. Marekani “quite well” huelekea “vizuri sana”. Mbele ya kielezi kisicho na ngazi maana inageuka kwa wote: “quite differently” ni “kwa namna tofauti kabisa”. Sasa fikiria barua ya kumpendekeza mtu kazini yenye sentensi “She works quite well with others.” Mwandishi alikusudia kusifu. Msomaji wa Uingereza anaweza kusoma sifa iliyopozwa, aone kama mwandishi alikuwa anasitasita. Ushauri wetu hauna masharti: katika maandishi ambayo mtu ataamuliwa kwayo, acha “quite”. Andika “very well” ukimaanisha sana, “fairly well” ukimaanisha kiasi. Ukanushi wake tu ndio salama: “not quite correctly” ni karibu sahihi, bado kidogo.

Ulinganisho unapoingia, “very” linatoka

Kielezi kikishawekwa katika umbo la kulinganisha, “more quickly”, “faster”, “better”, milango inabadilika. “Very more quickly” haikubaliki. Haraka zaidi sana inataka “much”, “far” au, kwa mazungumzo, “a lot”: “much more quickly”, “far better”, “a lot faster”. Kinyume chake, “much quickly” na “far quickly” hazipo. Ni kama funguo mbili za milango miwili.

Majedwali huwa yanarahisisha mambo kupita kiasi, lakini hapa jedwali linasaidia:

| Neno | mbele ya “quickly” | mbele ya “more quickly” | mbele ya “too quickly” |
|---|---|---|---|
| very | ndiyo | hapana | hapana |
| quite | ndiyo | hapana | hapana |
| fairly | ndiyo | hapana | hapana |
| pretty | ndiyo | hapana | hapana |
| rather | ndiyo | ndiyo | ndiyo |
| a bit | ndiyo, kwa kulalamika | ndiyo | ndiyo |
| much | hapana | ndiyo | ndiyo |
| far | hapana | ndiyo | ndiyo |
| even | hapana | ndiyo | hapana |

Ona jinsi “rather” na “a bit” yanavyopita kila mlango. Ukiwa na haraka na hukumbuki kanuni, hayo mawili hayatakuangusha kisarufi, mradi ukumbuke kwamba “rather” lina ule mguso wa kutoridhika. “Very” linaweza kuingia kwenye ulinganisho kwa kupitia “much”: “very much more quickly” ni sahihi, ingawa ni zito. “Quite” nalo hupita kwa kusindikizwa: “quite a bit faster”. “Quite better” peke yake ina matumizi mamoja, ya mgonjwa aliyepona kabisa, na hapo “better” si kielezi.

Safu ya mwisho ya jedwali inaonyesha mnyororo. Katika “far too often”, “far” linakoleza “too”, nalo “too” linakoleza “often”. Viungo viwili juu ya kielezi kikuu vinatosha. Ukiongeza cha tatu, msomaji anapoteza hesabu.

Enough, neno linalotembea kinyume

Maneno yote tuliyotaja hutangulia kielezi. “Enough” pekee linafuata: “carefully enough”, “well enough”, “fast enough to catch them”. Kwa msemaji wa Kiswahili ilipaswa kuwa rahisi, kwa kuwa nasi tunasema “kwa makini ya kutosha”, “ya kutosha” ikiwa nyuma. Kinachopotosha ni kwamba mbele ya nomino “enough” hutangulia, “enough time”, na watu wengi huanza na matumizi hayo kisha wakaandika “enough quickly”. Shika hivi: nomino inafuata “enough”, kielezi kinalitangulia.

Kuna “enough” nyingine isiyohusu kutosha. “Strangely enough, nobody noticed” haisemi ajabu ilitosha. Ni maoni ya msemaji juu ya sentensi nzima, kama tunavyoanza na “ajabu ni kwamba”. Hukaa mwanzoni na hufuatwa na mkato.

Almost, hardly na vielezi vya mara ngapi

Hapa mpangilio ni maana yenyewe. “He almost always finishes” ni karibu kila mara humaliza. “He always almost finishes” ni kila mara hukaribia kumaliza, na hamalizi. Maneno ni yaleyale, na mtu amegeuka kutoka mchapakazi kuwa mtu wa kukwamia ukingoni.

“Almost” na “nearly” hubadilishana mbele ya “always”, lakini mbele ya “never” tumia “almost”. “Nearly never” linasikika vibaya. “Hardly” linataka “ever”: “hardly ever” ni nadra sana. “Hardly never” ni kosa, kwa sababu “hardly” lenyewe tayari limebeba ukanushi. Kiswahili huruhusu ukanushi urudiwe, “hafanyi kamwe”, na mazoea hayo ndiyo yanayovuta “never” la ziada.

Jozi ya “hard” na “hardly” pia iangaliwe. “She works very hard” ni anafanya kazi kwa bidii sana. “Very hardly” usiandike: “hard” halihitaji “-ly” ili liwe kielezi, na “hardly” ni neno lingine lenye maana ya “kwa shida” au “karibu hapana”.

Wakati na mahali vina vikolezo vyao

“Very before” na “very away” hazipo. Umbali wa wakati husemwa kwa “long before”, “soon afterwards”, “shortly afterwards”. Ukaribu kabisa kwa “just” na “right”: “just now”, “right here”, “right now”. Mahali hutumia “far away”, “high up”, “deep down”. Ukitaka kukoleza tena, “very” linashika kile cha kati: “very far away”, “very soon afterwards”. Haya hayana kanuni moja ya kuyakamata yote, na kuyakariri kwa jozi ni haraka kuliko kuyatafutia sababu.

Vya “-ly” juu ya “-ly”

“Extremely slowly”, “incredibly badly”, “surprisingly well”: miundo hii ni sahihi na inafaa unapotaka kusema zaidi ya “sana”. “Surprisingly well” linatoa kiwango na maoni kwa pamoja, jambo ambalo “very” haliwezi. Usiweke mkato wala kistari kati yake. Mkato huja pale tu neno lilelile linaporudiwa: “very, very slowly”. Na kurudia kunaishia kwenye kikolezo. Sisi tunasema polepole, haraka haraka, na mdomo unatamani “slowly slowly”, lakini Kiingereza sanifu kinataka “very slowly” au “little by little”.

“Absolutely”, “totally” na “completely” hutafuta vielezi visivyo na ngazi: “completely differently”, “absolutely perfectly”. “Absolutely well” linagonga sikio kwa sababu “well” lina ngazi. Nalo “very perfectly” kwa sababu ukamilifu hauna zaidi. Na sauti nayo ihesabiwe. Maneno mawili ya “-ly” yanavumilika. Matatu mfululizo, kama “really extremely slowly”, yanamchosha msomaji. Mara nyingi dawa ni kubadilisha kielezi kikuu: badala ya “unbelievably quickly” andika “unbelievably fast”, na sentensi inapumua.

Jambo moja la mtihani. Kirai cha aina hii kikiwa cha ukanushi, au kikianza na “so”, ukikipeleka mwanzoni mwa sentensi kwa msisitizo, mpangilio wa kitenzi hugeuka kama wa swali: “Very rarely do they complain.” “So quickly did she answer that we lost the question.” “Very rarely they complain” utaisikia ikitamkwa, lakini msahihishaji ataikata. Kirai cha namna, kama “very slowly”, hakileti mgeuko huo: “Very slowly, she opened the door.”